NFS, iSCSI, kadi halisi au diski pepe: njia nne za kuipa hifadhi hosti iliyo ndani ya hosti

Mtu ana seva moja yenye RAM ya kutosha. Amesimika ESXi au Proxmox juu yake, yaani programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi), halafu ndani yake ametengeneza mashine pepe tatu, na katika kila moja amesimika tena ESXi au Proxmox. Sasa ana klasta ya hosti tatu ndani ya sanduku moja lililokaa chini ya meza. Kinachokosekana ni hifadhi ya pamoja, ile ambayo hosti zote tatu zinaiona kwa wakati mmoja, ili mashine iweze kuhama kutoka hosti moja kwenda nyingine bila kuzimwa, na hosti moja ikianguka nyingine zichukue kazi zake. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Watumie NFS (folda kupitia mtandao) au iSCSI (diski kupitia mtandao)? Waikabidhi hosti ya ndani kadi halisi? Au waiachie hosti ya nje mambo yote ya hifadhi, na zile za ndani zipewe diski tu?

Njia zote nne nimezitumia kwenye maabara ninayofundishia, na kila moja ina siku yake. Ili tusichanganyikiwe: hosti ya nje ni ile iliyosimikwa kwenye chuma chenyewe. Hosti ya ndani ni mashine pepe ambayo nayo imesimikwa ESXi au Proxmox. Mgeni ni mashine pepe inayoishi ndani ya hosti ya ndani.

Tunapima nini

Ninapima kwa mambo matano. La kwanza ni kuanza: juhudi gani inahitajika hadi hosti ya pili ione kile inachokiona ya kwanza. La pili ni kufanana na kazini, yaani ulichojifunza hapa kitakufaa kiasi gani ukisimama mbele ya seva za mwajiri. La tatu ni mwendo. La nne ni hali ya data umeme ukikatika ghafla, jambo ambalo kwa maabara nyingi za kwetu halina mjadala. La tano ni kinachopotea: snapshoti (nakala ya hali ya mashine unayoweza kuirudia), uwezo wa kuhama, nafasi ya diski.

Mwendo sijauweka mbele kwa makusudi. Mgeni akiandika bloku moja, inapita kwenye keneli ya hosti ya ndani, inatoka kwa kadi pepe, inaingia kwenye keneli ya hosti ya nje, ndipo ifike kwenye diski. Foleni ni mbili badala ya moja, na CPU inalipa kote kuwili. Anayechagua njia kwa mwendo peke yake atapima vizuri kitu kisichomsaidia. VMware yenyewe, watengenezaji wa ESXi, haiungi mkono ESXi iliyo ndani ya ESXi kwa kazi za uzalishaji, isipokuwa mahali pachache kama mashine ya shahidi wa vSAN (hifadhi ya pamoja ya VMware inayoundwa na diski za hosti zenyewe), ambayo kwa kweli ni ESXi iliyofungwa ndani ya mashine pepe. Kwa hiyo tunazungumzia maabara, mafunzo na majaribio.

Kabla ya kuchagua: swichi iliyo chini

Jioni moja kijana ninayemfundisha alinipigia simu. "Kaka, hosti zote tatu nazifungua kwenye kivinjari bila shida, lakini hifadhi haijibu hata ping. NFS imekufa." Alikuwa ameshabomoa na kujenga upya seva ya NFS mara mbili.

NFS haikuwa imekufa. ESXi ikisimikwa, kiolesura chake cha kwanza, vmk0, huazima anwani ya MAC (namba ya kuitambulisha kadi) ya kadi ya mtandao ya kwanza. Ndiyo maana ukurasa wa usimamizi unafunguka. Lakini ukiongeza vmk1 kwa ajili ya hifadhi, huyu huzaliwa na anwani yake mwenyewe inayoanza na 00:50:56. Hosti ya nje haijawahi kuisikia. Swichi halisi hujifunza anwani kwa kutazama pakiti zinazoingia kila poti. Swichi pepe ya kawaida ya VMware haijifunzi, kwa sababu kadi zote zilizochomekwa kwake imezitoa yenyewe na inazijua. Pakiti ikija kwa anwani isiyo ya kadi yoyote inayoijua, haimpelekei vmk1. Ombi linatoka, jibu linafika mlangoni, halipati wa kulipokea.

Dawa ni kuingia kwenye port group (kundi la poti za swichi pepe) ya hosti ya nje na kukubali "Promiscuous mode" na "Forged transmits". Gharama yake ni kwamba kila hosti ya ndani itapokea pakiti za wenzake wote walio kwenye port group hiyo, na CPU itazichambua moja moja ili kuzitupa. Kama una vCenter (programu ya kusimamia hosti nyingi za ESXi) na swichi ya kusambazwa, kuanzia vSphere (ESXi na vCenter kwa pamoja) 6.7 ya mwaka 2018 kuna "MAC learning", ambayo inaipa swichi tabia ya kujifunza na kukuondolea mzigo huo. Ukiweza kuitumia, itumie.

Hosti ya nje ikiwa Proxmox, daraja la Linux linajifunza anwani lenyewe, hivyo tatizo hili huwa halipo, ila angalia fayawoli ya mashine pepe: ukiiwasha, kichujio chake cha MAC huzuia anwani ngeni, na wageni watakosa mtandao. Kwenye Hyper-V kuna kisanduku cha "MAC address spoofing" kwenye kila kadi pepe. Kitie alama.

Jambo la pili ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti. Ukiamua kutumia 9000, iwe 9000 kila mahali: vmk, swichi ya ndani, swichi ya nje, seva ya hifadhi, na swichi halisi kama pakiti zinatoka nje ya sanduku. Ukisahau tabaka moja utapata ugonjwa wa ajabu: kuingia kunakubali, orodha inaonekana, halafu kila kitu kinaganda pale data halisi inapoanza kupita, kwa sababu pakiti ndogo zinapenya na kubwa zinaanguka njiani. Pima hivi:

`vmkping -I vmk1 -d -s 8972 10.20.0.5`

Namba 8972 ni 9000 ukiondoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Kwenye Linux ni `ping -M do -s 8972`. Isipojibu, rudi 1500 uendelee na kazi. Kwa maabara hutajutia.

Na kama seva ya hifadhi nayo ni mashine pepe kwenye sanduku hilohilo, utengenezee mtandao wa hifadhi swichi isiyo na kebo yoyote kwenda nje. Pakiti hazitatoka kwenye chuma. Kasi inayoonyeshwa kwenye kadi ya vmxnet3, 10 Gb/s, si kikomo cha kweli. Kikomo ni CPU na diski.

Haya yakishakaa sawa, ndipo ulinganisho unapokuwa wa haki.

NFS

Hii ndiyo njia ya mafaili. Sun Microsystems ndiyo iliyoileta mwaka 1984, na toleo la 3, ambalo bado linabeba mashine pepe nyingi duniani, limeandikwa katika RFC 1813 ya mwaka 1995. Hosti haioni diski, inaona folda.

*Kuanza.* Hakuna njia nyepesi kuliko hii. Mashine ndogo ya Linux, mstari mmoja kwenye `/etc/exports`, na umemaliza:

`/hifadhi/lab 10.20.0.0/24(rw,sync,no_root_squash,no_subtree_check)`

Neno la kutazama hapo ni `no_root_squash`. ESXi huandika kama root, yaani mtumiaji mwenye haki zote, na seva ya NFS kwa kawaida humshusha root kuwa mtu asiye na haki. Ukilisahau, datastoo (mahali ESXi inapohifadhi mashine pepe) itaunganishwa vizuri, lakini ukijaribu kuweka mashine utakataliwa ruhusa. Pia chagua toleo moja na ubaki nalo: NFS 3 na NFS 4.1 hutumia kufuli tofauti, na folda moja ikifunguliwa na hosti moja kwa toleo hili na nyingine kwa lile, mafaili yanaweza kuharibika.

*Kufanana na kazini.* Sehemu nyingi zinatumia NFS kwa kazi nzito, hivyo unachojifunza si cha kuchezea. Usichojifunza ni njia nyingi za kufikia hifadhi, kwa sababu NFS 3 kwa kawaida hutumia muunganisho mmoja wa TCP kwa kila datastoo.

Kuna kitu kimoja ninachokipenda sana kwa wanafunzi. Unaingia kwenye seva ya hifadhi, unapiga `ls -la` ndani ya folda ya mashine, na kila kitu kiko mbele ya macho: faili la `.vmx`, diski za `.vmdk`, na, kwa NFS 3, mafaili yanayoanza na `.lck-`, ambayo ndiyo kufuli zenyewe. Zima mgeni, piga `ls` tena, na kufuli za diski zake zimetoweka. Mtu akishaona hivyo, haulizi tena kwa nini hosti mbili haziwezi kuwasha mashine moja kwa pamoja.

*Mwendo na umeme.* Haya mawili siwezi kuyatenganisha kwa NFS. Utasikia wengi wakilalamika kwamba NFS juu ya ZFS (mfumo wa mafaili wa seva ya hifadhi) ni nzito na iSCSI juu ya ZFS hiyohiyo ni nyepesi. Wanachokiona ni kweli, lakini wanakosea chanzo chake. ESXi ikiandika kupitia NFS, hudai kila andiko lithibitishwe kuwa limefika mahali pa kudumu kabla ya kuendelea. ZFS inatii, na kama huna SSD maalumu ya kupokea maandiko hayo, kila andiko linasubiri diski. Upande wa iSCSI, kwa mpangilio wa kawaida wa ZFS, maandiko mengi hupokelewa kwenye RAM kwanza na kuandikwa baadaye. Mwepesi kati ya hao wawili ndiye mwenye data ambayo bado iko hewani umeme ukikatika. Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka `sync=always` kwenye bloku za iSCSI kisha pima tena. Pengo hupungua sana.

Kwa hiyo umeme ukikatika, NFS yenye `sync` hukuacha na data ulizoambiwa zimeandikwa. Ukibadilisha `sync` kuwa `async` kwa ajili ya mwendo, umeuza uhakika huo.

*Kinachopotea.* Kidogo sana. Snapshoti za qcow2 (aina ya faili la diski pepe) zinafanya kazi kwenye Proxmox, diski zinaweza kuwa nyembamba (hazichukui nafasi hadi itumike), bekapu ni kunakili folda.

*Inamfaa* anayeanza, anayefundisha darasa, na yeyote anayetaka hifadhi isimame leo ili aendelee na somo jingine.

iSCSI

Hapa hosti inapewa bloku, yaani diski tupu inayosafiri juu ya TCP, kwa kawaida poti 3260. Kiwango chake cha kwanza, RFC 3720, kilitoka mwaka 2004.

*Kuanza.* Kazi ni zaidi ya NFS lakini haitishi. Unatengeneza lengo kwenye seva ya hifadhi, kwa targetcli ya Linux au TrueNAS, unaipa LUN (diski inayotolewa kwa hosti), unaorodhesha majina ya IQN (utambulisho wa iSCSI) ya hosti zinazoruhusiwa, kisha unawasha iSCSI ya programu ndani ya kila hosti. Hosti ya kwanza inaumbiza LUN kuwa VMFS, mfumo wa mafaili wa ESXi. Za pili na tatu zinachanganua upya na kuikuta tayari.

Mtego wa hosti za ndani uko kwenye kunakili. Watu husimika ESXi moja, wanaiwekea kila kitu, halafu wanainakili mara tatu. Ni rahisi, lakini nakala zote zinatoka na IQN ileile, na vmk0 yenye MAC ileile. Seva ya hifadhi inaona mtu mmoja akiingia kutoka nyumba tatu, na miunganisho inaanza kusukumana: hosti A ikiingia, B inatoka. Nimeshawahi kupoteza saa nne kwa hili nikidhani kosa ni la kebo. Simika kila hosti upya, au iSCSI uiwashe baada ya kunakili, ukishahakikisha MAC hazijirudii.

*Kufanana na kazini.* Hapa iSCSI inang'ara. Utafanya kila ambacho fundi wa hifadhi anakifanya: LUN, ruhusa kwa kila hosti, CHAP (uthibitisho wa nenosiri), njia mbili za kufikia diski moja. Ili njia mbili zifanye kazi, ipe hosti ya ndani kadi pepe mbili, tengeneza vmk mbili, na kila vmk iwe na kadi moja tu iliyo hai, ile nyingine iwekwe kwenye zisizotumika. Kisha ng'oa kadi moja kwenye mipangilio ya hosti ya nje huku mgeni akinakili faili kubwa. Kunakili kutasita kidogo, kisha kutaendelea kupitia njia ya pili. Zoezi hilo la dakika tano linamfundisha mtu kuliko slaidi arobaini.

*Mwendo.* Ni mzuri, na kama nilivyosema juu, sehemu ya uzuri huo hutegemea nani anasubiri andiko lifike.

*Umeme ukikatika.* VMFS ni imara, inajua kuishi na hosti nyingi. Hatari iko kwa anayeumbiza LUN kwa ext4 na kuifungua kwenye hosti mbili kwa pamoja: hiyo itaharibika hata umeme usipokatika, kwa kuwa ext4 haijui kwamba kuna mtu mwingine ndani. Na baada ya umeme kurudi, mpangilio wa kuwaka ni muhimu. Seva ya hifadhi ikichelewa, hosti za ndani zitawaka bila LUN na utalazimika kuchanganua upya kwa mkono. Kwenye Proxmox ya nje weka `startup: order=1,up=120` kwa mashine ya hifadhi, ili zile hosti zisubiri dakika mbili.

*Kinachopotea.* Kwa ESXi, karibu hakuna. Kwa Proxmox, iSCSI kwa kawaida huenda na LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) ya pamoja, na kwa miaka mingi LVM hiyo haikuwa na snapshoti kabisa. Toleo la 9.0 la Agosti 2025 limeleta snapshoti juu yake, bado kama kipengele cha majaribio.

*Inamfaa* anayejiandaa kwa kazi ya uhandisi wa hifadhi au mtihani, na anayetaka kujaribu mabadiliko kabla ya kuyagusa kwenye mfumo wa kazini unaotumia bloku.

Kuikabidhi hosti ya ndani kadi halisi

Hapa hosti ya nje inaachia kadi ya PCI, kwa mfano HBA (kadi ya kuunganisha hifadhi) ya Fibre Channel, yaani FC, mtandao maalumu wa hifadhi, au kadi ya mtandao, na hosti ya ndani inaishika kana kwamba imechomekwa kwake.

*Kuanza.* Huanzia BIOS: VT-d kwa Intel au AMD-Vi kwa AMD. Kisha unatazama makundi ya IOMMU, kwa sababu vifaa vilivyo kundi moja hukabidhiwa kwa pamoja, na kwenye mabodi ya bei nafuu kundi moja huweza kubeba kadi yako pamoja na kidhibiti cha diski ambacho hosti ya nje yenyewe inakitegemea. Angalia kwanza, ndipo ununue.

*Kufanana na kazini.* Kwa Fibre Channel hii ndiyo njia ya kweli. HBA inaonekana kwenye swichi ya FC kwa WWPN yake halisi (anwani yake ya FC), hivyo utafanya zoning (kupanga nani amwone nani) na kuficha LUN kama inavyofanywa kwenye chumba cha seva. NFS na iSCSI hazitakufundisha hilo.

*Mwendo.* Ni wa juu kuliko zote kwa upande wa hifadhi, kwa kuwa foleni ya hosti ya nje imerukwa. Njia ya kati ni SR-IOV, ambapo kadi moja ya mtandao hujigawa kuwa kadi ndogo nyingi. Proxmox ya ndani, kwa kuwa ni Linux, ina draiva za kadi ndogo hizo za watengenezaji wakubwa. Lakini kumbuka ulinzi wa MAC uliomo ndani ya kadi: usipoweka `spoofchk off` kwenye hosti ya nje, tatizo la jioni ile ya simu litarudi, safari hii likiwa kwenye chuma.

*Umeme ukikatika.* Hakuna tabaka la katikati la kukudanganya. Unabaki na uaminifu wa hifadhi yenyewe.

*Kinachopotea.* Mengi. Kwenye ESXi, mashine yenye kadi iliyokabidhiwa hutengewa RAM yake yote, haipigwi snapshoti wala haihami ikiwa hai. Hosti tatu za ndani zinahitaji kadi tatu, au poti tatu zinazojitokeza kama vifaa tofauti. Kwa anayefundisha hili ni pigo, kwa sababu uzuri mkubwa wa hosti za ndani ni kupiga snapshoti ya klasta nzima, kuiharibu, na kuirudisha.

*Inamfaa* mwenye hifadhi ya FC iliyopo tayari na vifaa vya ziada, anayetaka kujaribu draiva au zoning bila kutenga seva nzima.

Kuiacha hosti ya nje ishughulike, za ndani zipewe diski pepe

Hosti ya nje inaunganishwa na hifadhi kwa njia yoyote. Za ndani hazijui kitu. Zinaona diski za kawaida. Njia hii ina sura mbili, na watu huzichanganya.

Sura ya kwanza ni diski moja kugawanywa kwa hosti kadhaa. Kwenye ESXi unaweka `sharing = "multi-writer"`, diski ikiwa nene na imesafishwa yote mapema; kwenye libvirt (programu ya Linux ya kusimamia mashine pepe) unaandika `<shareable/>`. Hakuna mtandao wa hifadhi kabisa. Ni njia ya haraka ikiwa tatizo la MAC limekushinda na unataka kuendelea. Ila diski hizo hazipigwi snapshoti, na unachojifunza hapa hutakikuta kazini kwa sura hii. Mimi siipendekezi zaidi ya siku moja au mbili.

Sura ya pili ndiyo yenye uzito: kila hosti ya ndani ipewe diski zake, halafu programu iziunganishe kuwa hifadhi moja, kama vSAN au Ceph.

*Kuanza.* Kuongeza diski ni mibofyo michache. Kusimamisha Ceph ndani ya Proxmox kuna mchawi wake kwenye ukurasa wa usimamizi. Anza na hosti tatu, ili wasimamizi wake wawe watatu na mmoja akianguka waliobaki wawe wengi wa kuamua.

*Kufanana na kazini.* Kwa anayeelekea kwenye klasta za namna hiyo, kunafanana sana. Unaweza kung'oa diski, kuzima hosti, kutazama data ikijijenga upya. Mtandao wa hifadhi upo hapa pia, kati ya hosti zenyewe, kwa hiyo usidhani umeepuka sehemu ya swichi niliyoeleza juu.

*Mwendo.* Hapa uwe na subira. Nakala tatu za Ceph zinapokaa kwenye hosti tatu zilizo juu ya SSD moja, andiko moja la mgeni linakuwa maandiko matatu kwenye SSD hiyohiyo, na kila moja linataka kuthibitishwa. SSD za kawaida za dukani, zisizo na ulinzi wa umeme kukatika, hupumua kwa shida chini ya mzigo huo.

*Umeme ukikatika.* Angalia kashe ya diski pepe kwenye hosti ya nje. Kwenye Proxmox, "writeback" huheshimu ombi la kuthibitisha, "unsafe" hulipuuza. Ukiweka "unsafe", Ceph itaamini nakala tatu zipo wakati hata moja haijafika kwenye diski. Na nakala zote tatu zikiwa kwenye kifaa kimoja, kikifa kifaa zimekufa zote.

*Kinachopotea.* Nafasi: GB 300 za diski pepe hukupa takriban 100 za kutumia kwa nakala tatu. Na RAM, kwa sababu kila hosti inabeba sehemu ya kazi ya hifadhi.

*Inamfaa* anayesomea vSAN au Ceph, na mwenye SSD nzuri zaidi ya moja.

Kwa hali yako

Una kompyuta moja ya RAM GB 32 na unataka kuona mashine ikihama kutoka hosti moja kwenda nyingine: NFS, hosti mbili za ndani, seva ya hifadhi ndogo ya Linux. Usiweke ZFS hapo. Ext4 yenye `sync` inatosha, na RAM ibaki kwa hosti.

Unafundisha darasa: anza na NFS wiki ya kwanza ili kila mtu avuke, kisha ongeza iSCSI kwenye seva ileile. Zote mbili zinaweza kukaa pamoja, na wanafunzi wakihamisha mgeni kutoka datastoo ya NFS kwenda ya iSCSI akiwa hai, tofauti ya faili na bloku wataielewa wenyewe.

Kazini mna bloku, na umetumwa kujaribu mabadiliko: iSCSI yenye njia mbili, hata kama kuianzisha kutakugharimu siku nzima. Kazini mna Fibre Channel na kuna HBA ya zamani kwenye kabati: ikabidhi kwa hosti moja ya ndani, za wenzake ziende kwa iSCSI, na usitegemee snapshoti ya hiyo moja.

Umeme wenu hukatika mara kwa mara na huna UPS: NFS yenye `sync`, au iSCSI juu ya ZFS yenye `sync=always`. Ceph iache hadi UPS ipatikane.

Hali ya mwisho ninaiona zaidi tangu Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware Novemba 2023: ofisi inahama kutoka ESXi kwenda Proxmox na fundi anataka kufanya mazoezi kwanza. Jenga ESXi ya ndani na Proxmox ya ndani kwenye sanduku moja, zote mbili ziione folda moja ya NFS. Weka mgeni upande wa ESXi, mzime, kisha upande wa Proxmox ingiza diski yake moja kwa moja kutoka folda hiyo:

`qm disk import 101 /mnt/pve/lab/mgeni1/mgeni1.vmdk local-lvm`

Mwashe, angalia kama kadi yake ya mtandao imebadilika jina, rekebisha, andika dakika ulizotumia. Rudia kwa mgeni wa Windows, na huyo umsimikie draiva za VirtIO (za diski na kadi pepe za Proxmox) akiwa bado upande wa ESXi, kabla hujamzima.